Palais Garnier, Wiener Staatsoper au Royal Opera House Muscat: jumba lipi likufae kwa picha za ndani?

Mtu anayepanga safari ya kupiga picha za ndani za majumba makubwa ya opera kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni jumba gani linalopendeza kuliko mengine. Swali hilo halimsaidii sana, kwa sababu majumba yote ya daraja hilo yalijengwa ili yapendeze. Linaloamua picha atakazorudi nazo ni mahali atakaporuhusiwa kusimama, muda atakaopewa hapo, na taa zitakazokuwa zinawaka atakapofika. Kwa vigezo hivyo ninalinganisha hapa Palais Garnier la Paris, Wiener Staatsoper la Vienna na Royal Opera House la Muscat, nikimfikiria msomaji mwenye kamera yake au simu nzuri, asiye na kibali maalumu wala stendi ya kamera, ambaye huenda akamudu safari moja tu.

Muscat nimeliingiza kwa makusudi. Waswahili wengi wanaishi Oman na katika nchi jirani za Ghuba, na kwao jumba hilo ni la mwendo wa gari au wa ndege fupi, wakati Paris na Vienna zinadai viza, akiba na likizo. Jumba lililo karibu, ambalo unaweza kulirudia mpaka uizoee mianga yake, lina faida ambayo jumba mashuhuri la mbali halina.

Kabla ya yote, inafaa kuonya kuhusu picha zinazotutia hamu. Mmarekani David Leventi amepiga picha za kumbi za opera akiwa katikati ya jukwaa, mahali pa mwimbaji, kwa kamera kubwa za filamu, huku viti vyote vikiwa vitupu mbele yake. Mjerumani Candida Höfer naye anajulikana duniani kwa picha za kumbi zisizo na mtu, na Palais Garnier ni miongoni mwa majumba aliyoyapiga. Kazi zao ni za kujifunza kwa miaka, lakini zimetokana na ruhusa ya kuingia jumba likiwa tupu na kusimika kamera bila haraka. Mgeni wa kawaida hapewi jukwaa. Akichagua jumba kwa kutazama picha hizo, atakuwa amechagua mahali asipoweza kusimama.

Jengo la mkono mmoja na jengo la nyakati mbili

Majumba ya Paris na Vienna ni ya rika moja, kwa kuwa ujenzi wa yote mawili ulianza mwaka 1861. Katika mwaka huo Charles Garnier, aliyekuwa na umri wa miaka 35, alishinda shindano lililokuwa na michoro 171, na jumba lake likafunguliwa tarehe 5 Januari 1875. La Vienna, kazi ya August Sicard von Sicardsburg na Eduard van der Nüll, lilitangulia kukamilika na kufunguliwa tarehe 25 Mei 1869. Baada ya hapo historia zao zinaachana, na mpigapicha anapaswa kuijua tofauti hiyo kwa sababu ataiona ndani ya fremu zake.

Palais Garnier limebaki, kwa sehemu kubwa sana, jinsi mjenzi wake alivyolikusudia. Badiliko kubwa linaloonekana ni dari la ukumbi, ambalo tangu mwaka 1964 limefunikwa na mchoro wa Marc Chagall, uliowekwa chini ya mchoro wa zamani wa Jules-Eugène Lenepveu bila kuuharibu. Wiener Staatsoper lilipigwa mabomu tarehe 12 Machi 1945, ukumbi na jukwaa vikateketea, ila sehemu ya mbele ikanusurika pamoja na ngazi kuu na ule ukumbi wa mapumziko wenye michoro ya Moritz von Schwind. Ukumbi wa watazamaji ulijengwa upya kwa usanifu wa Erich Boltenstern, ukafunguliwa tarehe 5 Novemba 1955 kwa opera ya Beethoven, Fidelio.

Kwa hiyo anayetaka mfululizo wa picha zenye sauti moja, ambapo ngazi, nguzo, dari na taa zinasemezana kutoka chumba hadi chumba, ataupata Paris bila jasho. Vienna atatoka na mafungu mawili: picha za karne ya 19 zenye nakshi nzito na picha za miaka ya 1950 zenye mistari mitulivu. Wengine huliona hilo kuwa dosari. Mimi naliona kuwa somo kubwa la jumba lenyewe, mradi mpigapicha akubali kulionyesha waziwazi badala ya kuchanganya mafungu hayo kana kwamba ni jengo la siku moja.

Ngazi za Garnier

Hapa Paris haina mshindani. Ngazi kuu ya Palais Garnier imewekwa chini ya kuba lenye urefu wa mita 30 kwenda juu, na haikujengwa kwa ajili ya kupandia peke yake. Ilikusudiwa kuwa jukwaa la wageni wenyewe, watazamane wakipanda na kushuka. Vidato ni vya marumaru nyeupe, vinguzo vya ukingo ni vya marumaru nyekundu, na pale juu kiganja kinaposhika pamewekwa jiwe la oniksi ambalo huushika mwanga kama asali. Mwanzoni kabisa mwa ngazi, kulia na kushoto, wamesimama wanawake wa shaba walioinua matawi ya taa, kazi ya Albert-Ernest Carrier-Belleuse. Ukiisogelea taa moja na kuiangalia kupitia lenzi ya kuvuta karibu ya milimita 85, utaona ugumu wote wa jengo hili umekusanyika hapo: glopu inayoungua kwa weupe, bega la shaba jeusi karibu yake, na nyuma yake marumaru iliyo katikati ya mwanga na giza. Pima mwanga kwa kuangalia glopu zisiungue kabisa, kisha uinue vivuli baadaye kwenye faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata. Ukipima kwa kuangalia bega, taa zitageuka mabaka meupe ambayo hakuna programu itakayoyarudisha.

Kuna sababu nyingine, ya kiufundi zaidi, inayoifanya ngazi hii imfae asiye na lenzi ghali. Kamera ikiinamishwa kwenda juu, nguzo huegemeana na jengo huonekana linaanguka kinyumenyume; ikishikwa sawasawa bila kuinama, nguzo husimama wima, lakini nusu ya chini ya picha hujaa sakafu tupu. Wataalamu hutumia lenzi maalumu ambayo kioo chake husogezwa juu na chini ili kukwepa tatizo hilo. Katika Palais Garnier nusu ya chini ya picha hujazwa na ngazi yenyewe, kwa hiyo ukishika kamera sawasawa hupotezi chochote. Zaidi ya hapo, roshani zinazoizunguka ngazi ziko karibu na katikati ya kimo cha chumba. Panda huko, simama kwenye mhimili wa kati, shika kamera wima yenye lenzi pana ya milimita 16 hadi 20, na vidato pamoja na kuba vitaingia kwenye fremu moja bila nguzo hata moja kulala. Sijui sehemu nyingine ya umma katika jumba la opera inayompa mgeni wa kawaida zawadi hiyo kwa bei ya tiketi ya kutembelea.

Watu ni wengi, na hilo halikwepeki. Anayefika mlango unapofunguliwa, yapata saa nne asubuhi, akaenda moja kwa moja kwenye ngazi bila kusimama popote, hupata dakika chache za nafasi. Hata hivyo sioni sababu ya kuhangaikia ngazi tupu. Watu wawili au watatu waliosimama mbali humpa mtazamaji kipimo cha ukubwa ambacho nguzo peke yake haziwezi kukitoa.

Ukumbi mkuu wa mapumziko wa Garnier, wenye kimo cha mita 18 na dari lililochorwa na Paul Baudry, una mtihani wa aina nyingine. Upande mmoja una madirisha makubwa yanayotazama barabara ya Avenue de l'Opéra, na humo ndani kuna thurea zinazotoa mwanga wa manjano. Mchana wa jua, kila kilicho karibu na dirisha hupata rangi ya buluu, na dhahabu ya upande wa pili hupata rangi ya chungwa, na huwezi kuzisawazisha zote mbili kwa mpigo mmoja. Dawa yake ni kuchagua saa. Mwezi Desemba jua la Paris huzama kabla kidogo ya saa kumi na moja jioni, ambao kwa kawaida ndio wakati wa kufunga matembezi ya wageni. Katika nusu saa ya mwisho mwanga wa nje hupungua mpaka ukalingana na wa ndani, buluu ya madirishani ikabaki madirishani, na dhahabu ikapata rangi yake. Ndiyo maana namshauri anayelitaka jumba hili kwa dhati asiende majira ya joto, ingawa ndiyo wakati watu wengi hupata likizo.

Ukumbi wa watazamaji: Vienna mbele

Mambo hugeuka tunapoingia mahali ambapo opera huimbwa. Katika matembezi ya mchana Palais Garnier huruhusu mgeni achungulie ukumbi kutoka kwenye loji chache, yaani vile vyumba vidogo vya watazamaji vilivyopangwa kuzunguka ukumbi, na siku za mazoezi huenda asiuone kabisa. Akiwa ndani ya loji hushindana na wageni wengine kwa nafasi ya ukingoni, na picha anayoipata mara nyingi ni ya pembeni. Kisha kuna thurea. Ile ya Garnier ni ya shaba na kristali, ina uzito wa tani saba hadi nane, na inaning'inia mbele kabisa ya mchoro wa Chagall. Mwanga wake ni mkali kuliko kitu chochote kilicho karibu nayo, kwa hiyo rangi za dari zinazoizunguka hupauka ukiwa umepima mwanga wa ukumbi, na ukumbi huzama gizani ukiwa umepima dari. Suluhisho ni kupiga fremu tatu za viwango tofauti vya mwanga bila kutikisika na kuziunganisha baadaye. Bila stendi, utaegemeza viwiko kwenye ukingo wa loji. Mkanda wa kamera uwe shingoni muda wote, na simu isinyooshwe nje ya ukingo hata kwa sekunde moja, kwa sababu chini kuna watu.

Wiener Staatsoper huonyeshwa kwa matembezi yenye mwongozaji, ambayo huchukua dakika 40 hivi. Muda huo ni mfupi, lakini ratiba yake kwa kawaida huwaingiza wageni ndani ya ukumbi wenyewe, wakauona kutoka mahali pa mtazamaji. Ukumbi huo una safu tatu za loji na juu yake roshani mbili, umepakwa rangi nyeupe ya pembe na dhahabu, na viti vyake ni vyekundu. Thurea yake haining'inii. Ni pete ya kristali iliyolazwa juu darini, kwa hiyo haizibi chochote na haichomi katikati ya picha. Kuta nyeupe husambaza mwanga kwa usawa, na picha moja tu, bila kuunganisha fremu, inaweza kubeba dari, loji na viti kwa pamoja. Kwa mwenye simu, ambayo sensa yake ndogo (kile kifaa cha kunasa mwanga) haiwezi kuvumilia tofauti kubwa za mwanga, jambo hili pekee linatosha kuipeleka Vienna mbele. Tahadhari moja: wekundu wa viti huruka na kuipaka waridi ile rangi ya pembe ya loji za chini, na kamera zinazojipangia rangi zenyewe huidhania ni kosa la taa, zikapoozesha picha nzima. Afadhali uipange rangi kwa mkono ukilenga sehemu nyeupe ya roshani ya juu.

Pazia la chuma la kuzuia moto lina habari yake. Tangu mwaka 1998 limekuwa likibeba kila msimu picha kubwa ya msanii wa kisasa, hivyo picha ya ukumbi huo ikitazama jukwaani pazia likiwa chini huwa na tarehe ndani yake. Anayetaka picha isiyofungwa na mwaka ageuke, alipe jukwaa mgongo, apige loji.

Kuna mlango mwingine ambao wageni wengi hawaujui. Wiener Staatsoper huuza tiketi za kusimama kwa bei ndogo sana ukilinganisha na viti, na baadhi ya nafasi hizo ziko kwenye roshani ya juu, zikitazama jukwaa kutoka karibu na mhimili wa kati. Wakati wa onyesho kupiga picha ni marufuku, na ni haki iwe hivyo. Lakini kabla ya onyesho kuanza na wakati wa mapumziko, taa za ukumbi zikiwa zimewashwa zote, watu hupiga picha bila kumsumbua yeyote, na ngazi kuu yenye sanamu saba zinazowakilisha sanaa, kazi ya Josef Gasser, huwa imewaka kwa mwanga uliokusudiwa na wajenzi. Mbinu hiyohiyo inafaa Paris pia: tiketi ya jioni, hata ya kiti kibaya, hukufungulia ngazi na ukumbi wa mapumziko usiku, wakati tatizo la madirisha limekwisha.

Teatro alla Scala la Milano, lililofunguliwa mwaka 1778, nimeliacha nje ya ulinganisho huu ingawa loji zake ni nzuri ajabu. Mgeni wa mchana huingia kwa tiketi ya makumbusho na kuuona ukumbi kutoka ndani ya loji, ikiwa hakuna mazoezi. Kwa mtu mwenye safari moja, hiyo ni bahati nasibu.

Muscat na mbao zake

Royal Opera House la Muscat lilifunguliwa tarehe 12 Oktoba 2011, likiwa jumba la kwanza la opera katika eneo la Ghuba, kwa amri ya Sultani Qaboos. Lina nafasi za watu 1,100 hivi, kwa hiyo ni dogo kuliko yale mawili, na udogo huo humsaidia mpigapicha: lenzi ya milimita 24 hufanya kazi ambayo Paris ingedai milimita 16, na kingo za picha hazivutiki.

Ukumbi wa kuingilia ni wa marumaru nyeupe, na juu yake kuna mbao zilizochongwa na kutiwa rangi. Ukumbi wa watazamaji nao umezungukwa na mbao nyeusinyeusi zenye nakshi za Kiomani. Msomaji aliyekulia Unguja au Lamu, ambaye jicho lake limezoea nakshi za milango, ataanza na faida, kwa sababu anajua kwamba mchoro unaojirudia hupendeza ukiwa umenyooka na huchukiza ukiwa umepinda hata kidogo. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Nguzo ya Garnier ikilala kidogo, wingi wa sanamu na dhahabu huficha kosa. Nakshi ya Muscat haifichi. Washa mistari ya kuongozea kwenye skrini ya kamera, simama katikati hasa, na hakikisha kamera haijainama upande wowote.

Mbao nyeusi hunywa mwanga. Chumba ambacho jicho linakiona kina mwanga wa kutosha, kamera hukiona kina kiza, na ikiachiwa ijiamulie itaifanya mbao kuwa ya kijivu na marumaru kuwa nyeupe isiyo na umbo. Ndani ya ukumbi punguza mwanga kidogo kuliko kamera inavyopendekeza, ili mbao ibaki na rangi yake ya kahawia iliyoiva. Kwenye ukumbi wa kuingilia fanya kinyume chake, uongeze kidogo. Uliza pia jukwaa limepangwaje siku hiyo. Jukwaa la Muscat hugeuzwa kutoka la opera kuwa la muziki wa okestra, na kinanda kikubwa cha mabomba kilichoundwa na kampuni ya Klais ya Ujerumani, chenye mabomba 4,542, hutokeza mbele au hufichwa kulingana na mpangilio huo. Ni kumbi mbili tofauti katika chumba kimoja, na aliye jirani anaweza kuzifuata zote mbili kwa nyakati tofauti. Mavazi yawe ya staha, kama ilivyo kawaida ya mahali.

Mpangilio wa kamera na haki za picha

Katika majumba yote matatu chukulia kwamba stendi na flashi havitaruhusiwa bila kibali, na soma masharti ya siku hiyo kabla ya kununua tiketi. Kwa kamera yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya milimita 35, mahali pazuri pa kuanzia ni apacha (tundu la lenzi) f/4 hadi f/5.6 na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kati ya 1600 na 3200, ukiitegemea kamera ikupunguzie mtikisiko. Umeme wa Ufaransa, Austria na Oman ni wa hezi 50, kama wetu wa Afrika Mashariki, na taa nyingi hupwitapwita mara 100 kwa sekunde bila jicho kutambua. Shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, ya 1/50 au 1/100 ya sekunde huendana na mpwito huo. Shata za kasi zaidi, hasa ile isiyo na mlio, huacha michirizi ya giza kukatiza picha, na michirizi hiyo haifutiki kirahisi kwenye kuta nyeupe za Vienna.

Anayekusudia kuuza picha azingatie jambo moja kuhusu Paris. Jengo la Garnier, aliyefariki mwaka 1898, halina tena ulinzi wa hakimiliki, lakini Chagall alifariki mwaka 1985, na kwa sheria ya miaka 70 dari lake linalindwa hadi mwisho wa mwaka 2055. Picha ya kumbukumbu nyumbani haina shida. Bango au kalenda ya biashara yenye dari hilo inahitaji idhini ya wenye haki. Picha za ngazi hazina mzigo huo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuzipa ngazi muda mwingi.

Basi nikiulizwa na mtu anayeweza kwenda mara moja tu Ulaya, mwenye kamera nzuri na subira, nitamwambia aende Paris mwezi Desemba, anunue tiketi ya matembezi ya mchana na tiketi ya onyesho la jioni, na asiutegemee ukumbi wa watazamaji kuwa picha yake kuu. Mwenye simu pekee, au ambaye moyo wake uko kwenye loji zenyewe na ile duara ya viti vyekundu, aende Vienna, achukue matembezi pamoja na tiketi ya kusimama ya roshani ya juu, na afike mapema kabla watu hawajajaa. Anayeishi Muscat, Dubai au Doha sioni kwa nini asianzie Muscat: akiweza kunyoosha nakshi zile na kuipa mbao rangi yake ya haki kwa mkono mtupu, ngazi za Garnier hazitamshinda.